Foku ya Baiskeli ya Mwende

Vijana wangu wa Mokowe, na nyinyi wa Hindi na Kililana mnaofungua vibanda vya baiskeli siku hizi, nasikia mnapigiana simu kuulizana foku gani, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, inafaa baiskeli ya tairi nene. Na nasikia majibu mnayopeana. Juzi mmoja wenu, sitamtaja maana mamake huniuzia mkaa, alimwambia mteja achukue ile yenye rangi inayoendana na fremu. Nilikuwa nimekaa hapo nje nakunywa chai. Chai ilinipalia.

Mimi nimeshaacha kazi. Magoti yamekataa kuchuchumaa, na macho yananidanganya kwenye spoki. Lakini woga wa kazi haujastaafu pamoja nami. Baiskeli ya tairi nene ikipita barabarani simtazami mwendeshaji, hata akiwa ni mtu ninayemfahamu. Natazama juu ya gurudumu la mbele, pale miguu miwili ya foku inapokutana. Sisi tulipaita begani. Nikiona mwanya kati ya tairi na bega ni mdogo, moyo unanipasuka, namwita mtu ashuke hata kama simjui. Wengine hunitukana. Sawa, watukane wakiwa na meno.

Baiskeli ina vitu vingi vya kuharibika. Breki zikikatika, utaburuza miguu. Mnyororo ukikatika, utasukuma hadi nyumbani ukilalamika. Foku ikigoma, hupewi nafasi ya kufikiria. Uso ndio unaotangulia kufika chini. Mimi Mutua, mtoto wa Kitui niliyekuja pwani kutafuta kibarua nikaishia kuwa fundi, nimeogopa foku tangu siku ya kwanza niliposhika spana, na sikuwahi kuona haya kusema hivyo.

Hizi za tairi nene tulianza kuziona kwa wageni wa Shela, wakiziendesha ufukweni. Punda walizikimbia. Sisi tulicheka, tukaziita punda wa mpira. Kisha wageni wakawa wanaondoka na kuziacha, wenyeji wakazinunua, na tukaona kwamba kwenye mchanga kitu kile kinapita pale baiskeli ya kawaida inapozama. Nyingi zilikuja na foku mfu, chuma kitupu kisichocheza. Mchangani haina neno, tairi lenyewe linabonyea kama mto. Lakini ukiingia kwenye mawe ya matumbawe, viganja vinakufa ganzi na meno yanagongana. Basi kila mtu akataka foku ya shoki, ile inayoshuka na kupanda.

Mikosi ikaanzia hapo. Foku ya shoki ya kawaida ni nyembamba, tairi nene haliingii. Fundi mmoja jirani yetu, alishahama zamani, akajiona mjanja. Alichukua foku ya kawaida, akaichoma moto miguu yote miwili, akaipanua kwa jeki ya gari mpaka tairi likapita, kisha akaunga ekseli ndefu ya kutengeneza mwenyewe. Nilikwenda kuiangalia. Pale alipochoma, chuma kilikuwa kimegeuka rangi ya buluu. Nilimwambia mwenye baiskeli, karani mmoja wa kutoka Meru mwenye mwili wa kutosha, asiipande. Akacheka, akasema kumbe ni kweli alivyoambiwa kwamba nina wivu. Akateremka nayo kuelekea gatini, akageuka kumpungia mtu mkono, na mguu wa kushoto wa foku ukakatika. Meno yake ya mbele ya leo ni ya kununua.

Kwa hiyo upana ununuliwe, usitengenezwe. Foku iwe imezaliwa kwa ajili ya tairi nene, na habu, kile kitovu cha gurudumu lako, iingie katikati ya miguu yake bila kulazimishwa. Ukiona unatia nguvu, acha. Na msiniambie eti mteja ana haraka. Karani naye alikuwa na haraka.

Sasa mambo ya ndani. Kuna foku ya springi na kuna foku ya upepo. Ya springi haina maringo, inavumilia chumvi, lakini imetengenezwa kwa uzito fulani. Mtu mwepesi akiipanda haishuki hata kidole, ni kama amebeba mzigo wa bure. Ya upepo unaijaza kwa pampu yake ndogo kulingana na uzito wa mtu, mwembamba kidogo, mnene zaidi. Tamu sana. Lakini inashika upepo kwa mipira midogo iliyo ndani, na mipira hiyo haipatani na chumvi yetu wala mchanga wetu. Inavuja bila kelele. Leo iko sawa, baada ya miezi inashuka mpaka mwisho kila ukigusa shimo, na mwenyewe hajui, anadhani barabara imezidi kuharibika. Ndiyo maana niliwaambia wateja wa foku za upepo wafute yale mabomba ya foku yanayong'aa kila wakitoka safari, kwa kitambaa kikavu, na waje niwapimie upepo. Wachache walikuja. Wengi walikuja foku ikiwa imeshakuwa na kutu kama nanga.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Athmani, Mwamu, yaani mtu wa mji wa Lamu, wa mtaa wa Mkomani, aliyehamia ng'ambo hii kwa sababu, alivyosema, Amu kwenyewe baiskeli haina pa kupita na punda hawaelewi kengele. Alikuwa mtu wa mzaha na hasira, vyote kwa pamoja. Hata alipokuwa mzee asiyeweza kushika tupa, alikuja kibandani kila asubuhi kunikosoa. Akiniona nimesimama naitazama foku muda mrefu alinitania kwamba foku haiumi, mbwa ndiye anayeuma.

Kipimo cha bega ni chake. Alikuwa na tende mfukoni sikuzote, na kokwa zake hakuzitupa. Foku mpya ikifungwa, unatoa upepo wote ndani yake, au unafungua springi, ili ishuke mpaka mwisho wa uwezo wake. Watu wawili wanaegemea usukani kwa nguvu. Hapo ndipo unaingiza kokwa ya tende kati ya tairi na bega. Ikipita na kucheza, foku inafaa. Ikibana, irudishe dukani. Maana siku foku itakaposhuka mpaka mwisho ukiwa kasi, tairi likigusa bega gurudumu linasimama, na wewe husimami. Alinionyesha hilo kwa kuzungusha gurudumu na kulibana kwa kiganja. "Weka kitwani hili, Mutua," aliniambia kwa Kiamu chake, njia akiiita ndia. "Ndia mbaya haiuwi mtu. Gurudumu likisita ghafula ndilo liuwalo."

Sikulala vizuri kwa siku kadhaa baada ya somo hilo. Nilipima foku zote za kibandani upya, hata za watu ambao hawakuomba.

Basi binti yangu Mwende akasomea uuguzi, akapangiwa zahanati ya Siyu, huko kisiwani Pate. Kazi yake ilikuwa kuzungukia mashamba na chanjo ndani ya kisanduku cha barafu, kwenye vijia vya mchanga na matumbawe. Akanunua baiskeli ya tairi nene kwa mgeni mmoja aliyekuwa akiondoka, foku mfu, na baada ya muda mfupi akaniambia vifundo vya mikono vinamuuma hata kushika sindano ni taabu. Akaniomba nimchagulie foku ya shoki.

Nimewachagulia watu foku miaka na miaka, lakini hiyo ilinitoa jasho. Nilikuwa na mbili zilizofika kutoka Mombasa. Moja ya springi, ngumu, ya mtu mzito. Mwende ni mwepesi, angeipanda kama anapanda ukuta. Nyingine ya upepo, inayoshuka urefu wa vidole vinne. Hiyo ndiyo iliyomfaa, na hiyo ndiyo niliyoiogopa. Nilizivua na kuzirudisha mpaka Bwana Athmani akaniuliza kama nachagua foku au mkwe. Nikafunga ya upepo. Nikaweka tairi katika presha ya mchanga, laini kabisa, maana sisi huku kila baiskeli ya tairi nene tuliipima kwa presha ya mchanga. Hatukuwa na barabara nyingine. Tukatoa upepo wa foku, mimi na Bwana Athmani tukaegemea usukani, kokwa ikapita. Haikucheza sana, lakini ilipita. Niliirudia mara nyingi kuliko inavyohitajika, na kila mara ilipita.

Nikampa Mwende na mahubiri juu. Asishuke mteremko kwa kasi. Asitumie breki ya mbele peke yake. Akisikia chochote, hata mlio wa panzi, anipigie. Mtoto alikuwa akitikisa kichwa huku akitazama mashua inayomngoja. Na kweli mwanzoni alinipigia. Alisema kuna mlio mdogo kwenye pedeli, nikavuka maji hadi Siyu siku ileile na baiskeli nikaifungua yote, akakaa bila baiskeli mpaka nilipotosheka. Mlio ulikuwa wa kiatu chake. Safari ya pili alisikia kitu kwenye kiti, nikamkataza kuipanda mpaka nifike, na siku hiyo akatembea kwa miguu na kisanduku kichwani. Baadaye hakupiga tena kuhusu baiskeli. Nilimshukuru Mungu kwamba foku imetulia.

Kisha akahamishiwa Kililana, bara, karibu na kule bandari mpya ilikojengwa. Kule si mchanga. Ni barabara ngumu, pengine lami, pengine changarawe iliyopigwa na malori. Alinipigia kunisalimu, na katikati ya maneno akasema baiskeli ilikuwa nzito sana kwenye barabara ngumu, basi amepita kwa watu wa kuziba pancha za malori wakamjazia matairi upepo kwa mashine mpaka yakawa magumu kama jiwe. Sasa inakimbia, akasema. Mimi nikafurahi. Nilimwambia vizuri, hatachoka sana. Neno hilo nililisema kwa mdomo wangu, na sikuona kitu.

Ilipita kama wiki. Asubuhi moja mvua ilikuwa imenyesha, kijana mmoja wa bodaboda aliniletea baiskeli ya tairi nene ya mdogo wake, akataka nimjazie upepo mwingi kwa sababu naye anakwenda kwenye lami. Nikajaza. Nikazungusha gurudumu la nyuma kulikagua. Likagusa fremu. Gurudumu lilelile ambalo nililifunga mwenyewe na likawa na nafasi. Nikainama nikaangalia. Tairi lilikuwa limevimba. Lile tairi laini la mchanga, ukilijaza mpaka liwe gumu, linakua, linapanda juu na kutanuka pande zote. Kidogo tu. Unene wa kokwa ya tende haufiki, lakini si mbali.

Pampu ilinidondoka mkononi. Nilimwona Mwende akilini. Nikaona ile kokwa iliyopita bila kucheza, nikaona tairi limevimba, nikakumbuka foku ya upepo ambayo sijaipima tangu ahame, bila shaka imeshavuja, inashuka mpaka mwisho kwa shimo dogo. Na mvua ya jana, na udongo wa barabara ile unaonata kwenye tairi ukilowa. Kila nilichokiwaza kilikuwa kinakula ule mwanya. Nikampigia simu. Hapatikani. Nikapiga tena. Yule kijana wa bodaboda akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia anipeleke Kililana na asiniulize kitu njiani.

Vijana, sijui niwaeleze vipi ile safari. Kila lori lililotupita nilitazama chini ya magurudumu yake. Mbele tukaona watu wamekusanyika kando ya barabara, wameinama wanatazama kitu chini, na mimi nikashuka kwenye pikipiki kabla haijasimama, nikaanguka kwa goti, nikainuka, nikawasukuma. Walikuwa wanachagua tikiti maji. Mama aliyekuwa akiuza alinipa pole bila kujua ya nini.

Tukaendelea. Pale barabara inaposhuka kuelekea daraja dogo la mfereji, nikamwona. Kofia yake nyekundu, kisanduku cha chanjo nyuma, anateremka taratibu kuja upande wetu. Mzima. Nilifurahi. Mbele yake kulikuwa na ukingo wa daraja, pale lami inapovunjika na kuacha ngazi ya kiganja kimoja, na mimi nikaona jinsi gurudumu litakavyogonga pale. Nikasimama juu ya vikanyagio vya pikipiki nikapiga ukelele kwa sauti yangu yote.

"Mwende! Simama!"

Akanisikia. Akashtuka, kama ambavyo mtu yeyote angeshtuka akisikia babake anapiga kelele hivyo katikati ya barabara. Akavuta breki zote mbili kwa nguvu. Foku ikashuka. Gurudumu likaingia kwenye ule ukingo wakati foku imeshashuka, na hapo nikausikia mlio, mpira ukisugua chuma, mfupi, kisha hakuna. Gurudumu lilisita palepale. Mwende alipita juu ya usukani na kisanduku kikamfuata.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka chupa ndogo za chanjo zimetapakaa kwenye changarawe na barafu inayeyuka, na yeye amelala kwa ubavu, macho wazi, ananitazama. Alikuwa anapumua. Bega lake la kulia lilikuwa limekaa mahali pasipo pake na kidevu kimechanika. Nilitaka kumwinua, akanikataza kwa sauti ya kazi, sauti anayowapa wagonjwa, akanielekeza nimfunge mkono kwa leso yake kabla sijamsogeza. Yule kijana wa bodaboda alizikusanya chupa moja moja kama mayai.

Zahanatini mwenzake mmoja, muuguzi wa kutoka Kizingitini, alimshona kidevu na kumfunga mkono. Mfupa wa mtulinga, ule wa chini ya shingo, ulivunjika. Ungepona, alisema, na umepona, ingawa siku za baridi bado unamsumbua. Nilipoambiwa hivyo nilitoka nje nikaenda kuitazama baiskeli iliyoletwa na kuegemezwa ukutani. Nikaigeuza. Nikaweka kidole chini ya bega la foku, pale tairi lilipogusa.

Nilitarajia kukuta mkwaruzo mmoja, wa leo. Nilikuta mpira mweusi uliogandamana, tabaka juu ya tabaka. Mwingine ulikuwa mpya na laini. Mwingine umekauka na kushika vumbi.

Nikarudi ndani. Mwende alikuwa amekaa kitandani na kidevu kimefungwa, hawezi kufungua mdomo vizuri. Nikamuuliza kama foku ilikuwa ikilia kabla ya leo.

"Ililia tangu siku ile nilipojaza upepo," akasema. "Kwenye mashimo tu. Nilidhani ni breki."

Nikamuuliza kwa nini hakunipigia.

Akatazama dirishani, kisha akanitazama mimi. Alisema bila hasira, na heri angesema kwa hasira. "Baba, ningekupigia ungeichukua. Wiki nzima ningetembea kwa miguu, na akina mama wananingoja na watoto. Nilikuwa nakuogopa wewe kuliko foku."

Nilishika mkono wake mzima nikakaa hapo mpaka mwenzake akaja kunitoa ili alale.

Basi vijana, upana, upepo, springi na kokwa ya tende vyote nimeshawaambia. Pimeni tairi likiwa gumu, si laini tu, hata kama mteja ameapa kwamba haondoki mchangani, maana watu huhama. Na mteja akija na kelele ndogo, hata ya kiatu, msikunje uso, msimhubirie wala msimnyang'anye baiskeli mkononi. Muulizeni inalia vipi, na inalia wapi, kisha mnyamaze mpaka amalize kusema.